Ushauri: Binti amegoma kurekodiwa, nifanyeje?

Mpiga Video Uswazi
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, usingizi wenyewe siupati.

Mimi ni mpiga video, harusi na sendofu hapa Dar. Zamani kidogo nilirekodi watoto watano wa mtaani kwetu Mbagala, wote wana miaka 7. Wazo nililitoa kwa Waingereza, ule mfululizo wa Seven Up ulioanza 1964: walichukua watoto 14, wa matajiri na wa walalahoi, wakawa wanawafuata kila baada ya miaka saba. Filamu ya 2019 inawaonyesha wana miaka 63. Hawa wangu sasa wanafikisha 14. Wanne wamekubali. Mmoja, binti, kagoma, na anataka hata za zamani nisizitumie. Bila yeye kazi haisimami. Nimshawishi vipi?

Kichuguu
Nimewahi siti ya mbele. Anayeuza karanga apite huku.

Mama Kulwa
Muache mtoto wa watu. Wangu ana umri huo huo, Idi iliyopita shangazi yake katoa simu tupige picha, kajifunika kanga uso mzima kama bibi harusi. Picha ipo, watu sita na kanga moja. Ndio umri wao. Na nyie vijana muache kugeuza watoto mtaji.

Mgosi wa Lushoto
Mimi nina swali tofauti. Video ya harusi yangu ya 2009 sijaipata mpaka leo. Mpiga video alikula hela akahama mji. Hivi watu wa fani hii mnalelewaje?

Ticha wa Zamu
Mleta uzi, huo mfululizo uliotaja unakujibu mwenyewe. Michael Apted alianza akiwa mtafiti tu, akaja kuongoza filamu zote kuanzia ya 1970. Tafuta hiyo ya 1970 umwangalie Suzy, ana miaka 14 kama binti yako. Kakaa chini kwenye majani, kichwa kainamisha, majibu ya mkato, huku nyuma yake mbwa anamuua sungura na kamera inaendelea kuzunguka. Wazazi wake walikuwa wanaachana kipindi hicho. Mimi pale niliona mtoto asiyetaka kuwepo, na watu wazima wakafurahi wamepata picha nzuri. Filamu ya 2019 hakushiriki.

Charles naye alijitoa baada ya ile ya miaka 21, akaishia kutengeneza makala za televisheni yeye mwenyewe. Peter alijitoa baada ya ile ya 28, magazeti yalipomshambulia kwa kuiponda serikali ya Thatcher.

Mpiga Video Uswazi
Ticha, umesahau kumalizia. Peter alirudi kwenye ile ya miaka 56! Kwa hiyo hata huyu atakuja kunishukuru.

Ticha wa Zamu
Alirudi kwa hiari yake, mtu mzima, ana bendi anataka kuitangaza. Sasa jibu: wanne umesema wamekubali basi, huyu wa tano unamzungukazunguka. Ni nani kwako? Na kwenye hizo za zamani kuna nini?

Mpiga Video Uswazi
Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Naishi naye mimi.

Ticha wa Zamu
Umejibu nusu.

Mpiga Video Uswazi
Kuna msiba wa baba yake. Nilirekodi kama ndugu, sikuwa na nia mbaya. Kuna mahali anamshika mkono bibi yake anamuuliza sanduku litafunguliwa saa ngapi baba atoke. Hiyo sehemu ndiyo filamu yenyewe, kila aliyeiona kalia. Na jamani mimi ndiye namsomesha, namlisha, sio mtu baki. Halafu trela nilishawatumia wafadhili, wametoa awamu ya kwanza. Hela imeshaingia kwenye kamera.

Mama Kulwa
Yesu na Maria.

Wakili Msomi wa Kijiweni
Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11: mtoto ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa kwenye maamuzi yanayomhusu. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Chakula cha nyumbani kwako hakijatajwa humo.

Kichuguu
Kwa hiyo ulikuja kuuliza umshawishi vipi, kumbe ulishamuuza.

Kamanda Kipepeo
Subirini kwanza msilie. Nimepitia nyuzi zake. Mwaka juzi kaomba ushauri wa kufuga kuku, kaandika "mimi nimezaliwa peke yangu, sina wa kunisaidia". Leo kaka wa kufa katoka wapi? Wakuu, hii chai. Jamaa anaandika filamu, anatuchota maoni bure.

Mgosi wa Lushoto
Chai ya rangi hiyo, na tangawizi ndani. Mimi niliona toka mwanzo.

Mpiga Video Uswazi
Mtoto wa baba mkubwa. Kwani kwenu mnamwita nani? Binamu?

Kamanda Kipepeo
Weka trela tuone.

Mpiga Video Uswazi
Siwezi, ina sura yake.

Kichuguu
Duh. Kwa wafadhili iliwezekana.

Ticha wa Zamu
Kama ni chai, mtungaji ana kipaji. Kama ni kweli, waandikie wafadhili leo waitoe trela, uombe kubaki na wale wanne. Wenzako walipoteza washiriki na filamu zikaendelea. Lynn alifariki 2013, hawakuacha kazi.

Mpiga Video Uswazi
Nikimziba sura je? Sauti nibakishe?

Mama Kulwa
Baba, mama yake mtoto anasemaje?

Mpiga Video Uswazi
Yupo Oman, kazi za ndani. Nilipanga nimwambie ikishakamilika, iwe sapraizi.

Mama Kulwa
Sapraizi ya msiba wa mume wake. Mpigie sasa hivi.

Mpiga Video Uswazi
Saa hizi yuko kazini mama, simu anashika usiku tu.

Mbongo wa Muscat
Huku tuko saa moja mbele yenu mkuu. Usiku umeshaingia.