Mgeni akitaka zawadi ya Tanzania hapa Dar anauziwa mali ya Dubai, tena kwa dola. Hivi tumerogwa?

Wakuu, salamu baadaye. Nimerudi kutoka mizungukoni kichwa kinaniuma na nikilala na hili moyoni nitapasuka. Mods, msiupeleke uzi huu kule jukwaa la utalii ukaozee, uacheni hapahapa watu wausome.

Wifi yangu anaishi California. Safari hii kaja na rafiki yake wa kazini, Mmarekani, mama mtu mzima, mstaarabu, ana hela yake na wala si mtu wa kubishania bei. Kamaliza Serengeti, kamaliza Zanzibar, kabakiwa na mchana mmoja wa Dar kabla ya ndege ya usiku. Alichotaka ni zawadi za kupeleka kwao, za Tanzania. Na ya kwanza kwenye orodha yake ilikuwa chokoleti.

Msicheke. Huko San Francisco kuna watengenezaji wanaitwa Dandelion, wanauza chokoleti iliyoandikwa kwenye karatasi yake Kokoa Kamili, Tanzania. Kokoa Kamili ni hawahawa wa Mbingu, Kilombero, mkoani Morogoro, wanaonunua kakao mbichi kwa wakulima, wanaichachusha kwenye masanduku ya mbao, wanaianika juani, kisha magunia yanapanda meli. Askinosie wa kule Missouri nao wana ya kwao wameiandika Mababu, Tanzania, na Mababu iko Kyela. Original Beans wanayo ya Udzungwa. Kwa hiyo hesabu ya yule mama ilikuwa nyepesi tu: kama kwao, ng'ambo ya bahari, anaikuta rafuni, basi akifika Dar es Salaam ataikuta mpaka kwenye vibanda vya vocha.

Tukaingia duka moja la zawadi upande wa Masaki. Jina silitaji, sitaki kesi. Duka zuri, kiyoyozi kinapuliza, binti wa kaunta anatabasamu. Wifi akaulizia chokoleti ya Tanzania. Binti akatupeleka kwenye rafu: Uswisi, Ubelgiji, Uturuki, na ile ya pistachio ya Dubai iliyotamba mitandaoni. Nikamwambia, mdogo wangu, tunataka iliyotengenezwa hapa kwa kakao ya hapa. Akaniangalia, akamgeukia mwenzake, akauliza, "Kwani sisi tuna kakao?"

Binti simlaumu. Shuleni hakuna aliyemwambia, na aliyemwajiri hakujisumbua kumfundisha anachouza. Lakini mwenye duka je? Kyela na Rungwe watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kakao. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, habari za minada ya Kyela zilikuwa redioni kila wiki. Mtu una duka la "zawadi za Kiafrika", umelipia fremu Masaki, na hujui kama nchi yako ina kakao?

Akaja msimamizi, kijana wa kujiamini. Eti, "Mama, za hapa tuliacha kuleta, zinayeyuka." Nikamuuliza, na hizi za Uswisi za kwako haziyeyuki? Mafuta ya kakao yanaanza kulegea hata kabla ya nyuzi 34, na jua la Dar la Februari halimuulizi mtu pasipoti. Kama kiyoyozi chako kinaibeba ya Uswisi, kitashindwaje kuibeba ya Kyela? Akasema atalifikisha kwa bosi. Sawa.

Na wapo watu mjini hapa wanaotengeneza chokoleti kwa kakao yetu. Nimewahi kula, ni nzuri, ina ule uchachu wa matunda unaowafanya Wazungu waiagize kutoka kwetu. Tatizo huwaoni rafuni. Unawapata kwa kupewa namba na mtu anayemjua mtu. Sasa mgeni mwenye saa sita za kukaa Dar atamjua nani?

Haya, tuache chokoleti, maana kilichonichemsha zaidi ni KANGA.

Kanga, wakuu! Kanga ninayoifahamu mimi inauzwa doti. Vipande viwili vilivyounganika, vina pindo, mji na jina (yale maandishi), unakwenda kwa fundi anakukatia na kukupindia. Moja unajifunga, nyingine unajitanda. Pale dukani doti imekatwa, kila kipande kimekunjwa peke yake, kimefungwa utepe wa katani, kimetundikwa kikadi: dola 25. Kipande! Kuuza kanga moja ni sawa na kuuza kiatu cha kushoto. Tena ukiisoma ile kanga pembeni, imechapishwa India. Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo doti nzima kama ile unaipata chini ya shilingi 20,000, na muuzaji anakusomea jina la kanga na kukueleza umpe nani na usimpe nani. Rafiki wa wifi alikuwa ameshaishika mkononi anatoa kadi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: weka chini.

Na hiyo dola. Kuanzia mwaka 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni. Kutaja bei, kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni ni kosa, ukiacha mambo machache yaliyotajwa kama maduka yasiyotoza ushuru. Duka la mjini lenye kibao cha mtaa si duka lisilotoza ushuru. Nikamwambia msimamizi, hivi vikadi vya dola vimekatazwa. Akajibu kwamba wageni wanapenda, wanaelewa haraka. Nikaomba bei kwa shilingi. Akachukua simu, akapiga hesabu kwa kiwango alichokijua yeye, ikatoka kubwa kuliko kiwango cha benki yoyote niijuayo. Yaani ukikataa dola unaadhibiwa!

Wifi alinunua kikapu cha ukindu ili tusionekane tumekuja kupiga soga. Nikadai risiti. Tumeimbiwa miaka yote "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Nikapewa karatasi ya kuandikwa kwa kalamu, mashine ya risiti eti ina hitilafu ya mtandao. Mashine ya kadi ilikuwa na mtandao.

Sasa sikilizeni mzizi wa yote haya, wengi wenu mnaujua ila mnaona aibu kuusema. Ni CHA JUU. Dereva aliyetupeleka pale si sisi tuliomwambia duka. Tulimwambia "tunatafuta zawadi," yeye akasema anapajua pazuri. Tulipoingia akaingia nyuma yetu, akasimama kaunta, akaandikisha kitu kwenye daftari. Wakati wa kutoka akabaki nyuma kidogo. Mimi si mtoto. Kila anachonunua mgeni, aliyemleta ana asilimia yake: dereva, mwongoza watalii, kijana wa mapokezi hotelini. Muuzaji naye hawezi kuitoa mfukoni, anaipandisha kwenye bei. Kwa hiyo mgeni anapelekwa palipo na cha juu kinono, hata kama mtaa wa pili kuna mtu anatengeneza kitu hichohicho kwa mkono wake. Na yule mwenye mkono ndiye wa mwisho kulipwa, mara nyingi baada ya kitu kuuzwa, akipigiwa simu aje achukue chake.

Madereva mtaniwakia, najua. Mafuta ghali, foleni ya Ali Hassan Mwinyi inawamaliza, sawa. Ongezeni kwenye nauli basi, mtu ajue anacholipa. Msilipwe kwa kinyago ambacho hamkukichonga.

Tukiwa na hasira zetu nikaamua kuwazungusha mwenyewe, na hapa ndipo uchungu ulipozidi, maana vitu VIPO. Tukaenda Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianzia palepale mwaka 1968, anachora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao za dari, anawauzia wapita njia. Akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mhalifu. Wanafunzi wake wakaendelea, na mpaka leo ukienda unamkuta mtu kakaa chini, brashi mkononi, kopo la rangi limefunguliwa, unamuuliza huyu tembo kwa nini ana mabawa naye anakujibu. Jina lake liko kwenye kona ya picha. Kule Masaki picha za aina hiyo zilikuwepo, zimewekwa fremu za dhahabu, kona haina jina. Mama wa watu alinunua picha mbili kwa aliyezichora, akapiga naye picha, akafurahi kuliko alivyofurahi Serengeti (maneno ya wifi hayo).

Mwenge kwa wachonga vinyago muda ulikuwa finyu. Ila kwa faida ya wenye wageni: mpingo halisi ni mzito na ukiutia majini unazama. Ule ujanja wa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu upo kwenye biashara hii tangu enzi na enzi, kwa hiyo geuza kinyago, kwangua kidogo chini kwenye kitako, angalia rangi ya ndani. Mchongaji mwenyewe hakasiriki ukifanya hivyo. Dalali ndiye anayekasirika. Na ukitaka kujua kazi ilivyo, muombe akuonyeshe ile ya ujamaa, watu wamepandana kutoka chini mpaka juu kwenye gogo moja. Huo mti ulichukua miongo mingi kufikia unene huo, halafu mtu anakuja kubishania elfu tano.

Shuka za Kimasai sitazisema sana, mnazijua. Nyingi zinatoka China zikiwa na nyuzi za plastiki. Mtu anapeleka nchi za baridi akidhani atajifunika, kumbe kabeba plastiki. Tanzanite ndiyo kabisa, kama huna anayejua mawe na duka halikupi nyaraka, achana nayo. Jiwe linatoka Mererani peke yake duniani, lakini vioo vya bluu vinatoka popote.

Najua kuna mtu atakuja kusema "Watanzania hawajui vifungashio, ndiyo maana maduka yanakimbilia vya nje." Mkuu, nenda maonesho ya biashara ya Sabasaba. Kila mwaka mwishoni mwa Juni mpaka katikati ya Julai pale Barabara ya Kilwa unakuta asali ya Tabora kwenye chupa safi, kahawa ya Kagera na ya Kilimanjaro, korosho za Mtwara, batiki, viungo, sabuni za mwani kutoka Zanzibar, vina lebo, vina nembo ya TBS, msimbo wa mistari unaanza na 620, yaani kampuni imesajiliwa Tanzania. Wiki mbili! Wakishafunga mabanda, wale akina mama wanarudi mikoani na bidhaa zao, na mgeni anayefika Agosti anauziwa bilauri iliyochorwa twiga, chini imeandikwa imetengenezwa China. Vifungashio vipo, ila rafu hawapewi. Na wanaopewa wanaambiwa waache mzigo kwa mali kauli, walipwe ukiisha. Mama wa Kyela ataweka mzigo Masaki miezi mitatu bila kulipwa, ale nini?

Na atakuja mwingine na "wewe mwenyewe unanunua vya kwetu?" Ndiyo, nanunua. Kahawa yangu ni ya Bukoba na kanga zangu za Uhuru. Uliza lingine.

Kilichonimaliza ni saa ya mwisho. Yule mama, muungwana kama alivyo, akamwambia wifi asijali, chokoleti ya Tanzania atainunua akifika San Francisco, anapajua dukani. Alisema kwa wema kabisa, hakuwa anatukejeli. Mimi nilikaa kiti cha nyuma sikuwa na neno.

Sasa naomba kitu, na sitaki porojo. Wenye maduka, au mnaojua duka lolote hapa Dar lenye chokoleti ya kakao ya Kyela au Kilombero, iliyokaa rafuni, mtu anaingia na kutoka nayo bila kupigia simu mtu wa nne: wekeni hapa mtaa, saa za kufungua na bei. Kwa shilingi. Vilevile anayejua duka la kudumu la wajasiriamali wa mikoani, si banda la maonesho, ataje. Mkileta "njoo inbox" nawaripoti kwa mods. Wifi bado yupo mpaka wiki ijayo, ikipatikana nitambebesha yeye.