Mjadala: Tuzo za madini barani Afrika, astahili nani?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Jumapili tulikuwa nyumbani Ikolomani, tumemaliza kula, binamu yangu aliyeajiriwa na kampuni ya uchimbaji akasema tuzo za madini barani Afrika ni haki ya kampuni kubwa. Ndizo zinazoleta mtaji, zinalipa kodi, zina wahandisi. Mchimbaji mdogo, anasema, hana hata daftari la kuwaonyesha waamuzi.

Mimi nakataa.

Tukipima kwa wingi wa dhahabu, basi mgodi wa Rosterman wa hapa Kakamega ungevishwa nishani enzi zake. Dhahabu ilipatikana huku 1931, Wazungu wakamiminika, na mgodi huo ukaja kufungwa 1952. Lakini kumbukeni ilivyokuwa. Sheria ya ardhi ya 1930 iliahidi kwamba mwenyeji akichukuliwa shamba atapewa jingine. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ikageuzwa 1932 ili alipwe pesa tu, ardhi iende. Pita Rosterman leo utakuta vijana wakiteremka mashimoni kwa kamba, tochi kichwani, wakifuata mabaki. Hiyo ndiyo sifa tunayotaka kuipigia makofi tena?

Mtaniambia wadogo nao huenziwa. Kweli, 2020 jirani zetu Tanzania walimsherehekea Saniniu Laizer wa Mirerani, aliyepata mawe mawili makubwa ya tanzanite, moja likipita kilo 9. Serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7 za kwao, na Rais Magufuli akampigia simu ya pongezi. Nilifurahi sana siku ile. Hata hivyo, kilichoenziwa pale ni ukubwa wa jiwe. Mchimbaji wa shimo la pili, mwenye bidii ileile, hana la kuiga, maana bahati haifundishiki.

Ninachotaka kitunzwe ni kile ambacho mwingine anaweza kukifanya kesho. Mwaka jana nilikaa na mama mmoja karibu na mto, amepiga goti mbele ya karai. Alimimina zebaki kwenye mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, akaukoroga kwa mikono mitupu, kisha akakamua donge kwenye kitambaa mpaka likabaki dogo kuliko punje ya hindi. Akaliweka kwenye kijiko juu ya jiko la makaa. Moshi ulipanda ukampita usoni, na mtoto mgongoni amelala. Nilimwuliza kama anajua ni sumu. Akanijibu, "Najua, lakini mnunuzi anataka dhahabu iliyochomwa." Kuna chombo cha chuma kinachofungwa juu ya moto ili kunasa moshi ule na kuirudisha zebaki itumike tena. Kikundi kitakachochangishana kukinunua na kuwafundisha majirani, hicho ndicho nitakachokipigia kura, hata kama dhahabu yake haijazi kiganja. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulianza kutumika 2017, ila mkataba haukai jikoni na huyu mama.

Binamu yangu ana haki kwa jambo moja, nalo ni usalama. Desemba 2021 shimo liliporomoka Abimbo, kule Bondo, likafukia watu. Siwezi kujifanya mashimo yetu ni salama. Lakini ndiyo sababu hasa ya kumtuza aliyepanga nguzo za miti humo ndani, akaandika nani ameingia na nani ametoka. Hilo daftari analolidai binamu, kikundi kinaweza kuwa nalo kwa shilingi hamsini.

Na kampuni nazo zishindane, sizifungii mlango. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa serikali kwa madini inayochimba, ni ya jamii inayoishi penye uchimbaji, 20 ya kaunti, 70 ya serikali kuu. Kabla kampuni haijapanda jukwaani, waamuzi waje kijijini waulize akina mama wa kisimani: hiyo 10 mmeiona? Maji yakoje? Wakijibiwa vizuri, mimi mwenyewe nitapiga vigelegele.

Sasa nawaachia. Watu wa Macalder, Bondo na Vihiga: kuna kikundi kwenu kilichoacha kuchoma zebaki peupe? Kilianzaje, na mnunuzi alikubali?