Mjadala: Ziwa Tanganyika lifungwe miezi mitatu, au tuongeze mbalamwezi?

Mtoa mada, Ujiji

Sipingi ziwa kupumzishwa, napinga namna linavyopumzishwa. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, na upande wetu ukaanza 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hizo ni siku 92. Lakini anayekijua kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, anajua kwamba hakivui usiku wote 92. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa wanatawanyika, na kipe kinalala mwaloni siku nane hadi kumi. Ukitoa mbalamwezi tatu, yaani mapumziko hayo ya mwezi mpevu, usiku unaozuiwa kweli ni 60 na kitu.

Mwaka una giza kumi na mbili, yaani vipindi vya kuvua kati ya mbalamwezi na mbalamwezi. Ongezeni usiku tano kwenye kila mbalamwezi, mmezipata zilezile 60, na hakuna nyumba inayokaa robo mwaka bila mboga wala ada. Wavuvi wa kipe hawana mshahara, wanakula mgao. Kipe kikilala hakuna mgao, na deni la tajiri mwenye chombo halilali nacho.

Mchangiaji, Kigoma mjini (uvuvi)

Hesabu yako ya usiku haina kasoro, ndugu, ila samaki hahesabu hivyo. Dagaa wetu anaanza kutaga akifika kama sentimita 7, na hata asipovuliwa ni nadra avuke mwaka mmoja na nusu. Ukimwacha kichanga siku tano halafu siku ya sita ukashusha wavu wa macho madogo, umemwahirishia kifo tu. Miezi mitatu mfululizo kwa samaki mwenye umri mfupi hivyo ni sehemu kubwa ya maisha: aliyekuwa kichanga Mei anaikuta Agosti akiwa amekaribia kutaga.

Halafu kuna ulinzi. Ziwa likifungwa lote, taa yoyote inayoonekana majini ni kosa, hata mtoto ataiona akiwa ufukweni. Kwa usiku tano za hapa na pale, doria itahitaji mafuta kila mwezi na ubishi kila mwezi: "Leo ni ya tatu au ya nne?" BMU gani, yaani kikundi gani cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, ina mafuta hayo?

Nakubaliana nawe kwamba kufunga hakuponyi kila kitu. Ziwa lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini upande huu wa kaskazini hewa ya oksijeni huishia karibu mita 100. Tunavua kwenye utando wa juu tu. Rutuba imelala chini, na upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaosaidia kuipandisha. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Chakula cha dagaa kinapungua, na migebuka anayemla dagaa anafuata. Hilo halina BMU.

Mchangiaji, Kibirizi (ukaushaji)

Jamani, mnabishania usiku, na mimi nauliza habari za mchana. Mei hadi Agosti ndiyo kiangazi chetu. Dagaa akianikwa asubuhi kwenye chanja, tabaka moja, akageuzwa mara mbili tatu, jioni ukimkunja anavunjika kwa mlio. Huyo ndiye dagaa wa Kigoma anayesifiwa. Kilo nne mbichi zinatoa kama kilo moja kavu.

Masika je? Wingu likikaa siku mbili anageuka njano, kichwa kinadondoka, anaota funza. Wengine wanamkusanya akiwa bado na joto la jua, wanamfunga kwenye nailoni, anatoa jasho humo ndani na ukungu unaanza. Kwa hiyo tunafunga ziwa wakati jua ni la bure, tunalifungua ili tuvue na kuozesha wakati wa mvua. Samaki anayeoza naye alitolewa ziwani.

Mkishikilia tarehe hizo, basi wekeni fedha kwenye chanja na mapaa ya plastiki angavu yenye matundu ya hewa. Chumvi tunayo hapo Uvinza: kilo moja kwa lita kumi za maji, dagaa aliyeoshwa alowe kama dakika kumi, achujwe ndipo aanikwe. Haizuii mvua, inampunguzia nzi na kumpa muda.

Mtoa mada, Ujiji

Dada wa Kibirizi kanipa hoja nisiyokuwa nayo. La vichanga kufikia kutaga nimelikubali. Basi miezi mitatu ibaki, ila isogezwe masika.

Mchangiaji, Kigoma mjini (uvuvi)

Kusogeza si uamuzi wa Kigoma. Dagaa huyu anaishi katikati ya maji na hajui mpaka. Sisi tukifunga Februari na jirani akafunga Mei, tutakuwa tunamfugia mwenzetu. Ni hoja ya kupelekwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kule Bujumbura.

Lililo mikononi mwetu ni kokoro, ule wavu unaovutwa hadi ufukweni. Lumbu, yule dagaa mwingine, anazalia karibu na ufuko na vichanga vyake hukulia hapohapo. Kokoro linavikomba vyote, mbalamwezi haliijui, na linavutwa mwaka mzima. Mwenye kipe anafungiwa siku 92 huku wa kokoro akivuta alfajiri nyuma ya matete; hapo malalamiko ya mtoa mada nayaelewa.

Mchangiaji, Kibirizi (ukaushaji)

Na siku ya kufungua msiwaachie wote kwa mkupuo. Vipe vyote vikishuka usiku mmoja, asubuhi ndoo haina bei na chanja hazitoshi. Dagaa wanamwagwa mchangani, na dagaa wa mchanga mnunuzi anamtafuna mara moja tu. Gaweni kwa mialo: Kibirizi usiku huu, Katonga kesho, Ujiji keshokutwa.

Mtoa mada, Ujiji

Ujiji ya mwisho tena?