Mjadala: Tasnifu ya fasihi linganishi iliyoandikwa kwa kusoma tafsiri tupu, ipite au irudishwe?

Mleta mada

Wadau wa fasihi, nasema hoja yangu bila kuzunguka. Mwanafunzi wa uzamili akilinganisha kazi ya Kiswahili na ya Kiarabu, Kifaransa au Kisanskriti, na hiyo ya pili kaisoma kwa Kiingereza peke yake, tasnifu yake irudishwe. Alichokilinganisha ni Kiswahili na Kiingereza cha mfasiri.

Chukueni kisa cha kima na papa. Edward Steere alikichapa London mwaka 1870 katika hadithi za Unguja, kwa jina la punda wa dobi. Kima anakaa juu ya mkuyu, matawi nusu yako upande wa mji na nusu juu ya bahari. Anamrushia papa matunda, urafiki unakolea, papa anambeba mgongoni kwenda kwao. Katikati ya maji ndipo anamwambia: sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo kauacha kule juu ya mti. Akisharudishwa hashuki tena, na anamsimulia papa habari za punda wa dobi aliyedanganywa na sungura mara mbili mpaka simba akamuua, punda asiye na moyo wala masikio.

Kisa hiki, pamoja na punda ndani yake, kimo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Kihindi kwa Kisanskriti, na kimo katika Kalila na Dimna aliyoiandika Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8. Swali la kwanza la mlinganishi: kilifika Unguja kwa njia ya Kiarabu au ya Kihindi? Tazama mti. Matini ya Kisanskriti inayosomwa zaidi ina jambu, yaani mti wa jamii ya mzambarau wetu. Kiarabu kina mti wa tini, na mkuyu ni ndugu wa mtini. Mizambarau Unguja ipo, lakini msimulizi hakuutaja. Sasa msomaji wa Kiingereza hawezi hata kuianza hoja hii, kwa sababu wafasiri wamezoea kuuita jambu "rose-apple", jina ambalo kamusi zetu zitampeleka kwenye mtofaa. Neno moja tu, na njia nzima ya uchunguzi imefungwa.

Kidaka

Mleta mada, umejipiga ngwala mwenyewe. Kalila na Dimna ni nini kama si tafsiri? Kisa kilitoka Kisanskriti kikaingia Kipahlavi, yaani Kiajemi cha zamani, karne ya 6, zama za mfalme wa Uajemi Khosrow wa Kwanza, ndipo Ibn al-Muqaffa akakitoa Kipahlavi kukipeleka Kiarabu. Hiyo matini ya Kipahlavi imepotea. Kwa sheria yako, pete ya katikati ya mnyororo haina wa kuisoma, basi tufunge idara twende nyumbani.

Na mti wako hauthibitishi kitu. Katika Jataka, hadithi za Kibudha za lugha ya Kipali, moyo wa nyani unadaiwa kuning'inia kwenye udumbara, na udumbara ni jamii ileile ya mikuyu. Kwa hiyo India nayo inao mkuyu wake. Umefurahia jani, shina hukulitazama.

Halafu tuseme ukweli wa vyuoni. Uzamili ni miaka 2, na mwaka mmoja unaliwa na kozi. Kisanskriti cha kusoma peke yako bila mkono wa mwalimu hakipatikani kwa mwaka uliobaki. Ukiweka sharti hilo, mwanafunzi atakimbilia lugha ya kigeni aliyo nayo tayari, nayo ni Kiingereza. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipeleka waraka katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na nyingine zipangwe kuizunguka. Sharti lako litamrudisha Shakespeare katikati kwa mlango wa uani.

Mtambaa Kurasa

Kidaka yuko sawa kuhusu mti, ila asiishie hapo. Jataka haina punda. Kisa cha Unguja kinaye, tena katika nafasi ileile, kikisimuliwa na kima baada ya kuokoka. Kwa hiyo Jataka peke yake haiwezi kuwa chanzo. Tunabaki na Panchatantra au Kalila. Katika katalogi ya Aarne, Thompson na Uther, inayozipa namba ngano za dunia, hivi ni visa viwili tofauti: namba 91 ni moyo ulioachwa nyumbani, namba 52 ni punda asiye na moyo. Ushahidi ni ule mshikamano wa namba mbili, wala si mti, wala si mnyama.

Wanyama hubadilika kirahisi mno. Panchatantra ina mamba, Kalila ina kobe, Unguja papa. Mbweha wa huko kote kawa sungura kwetu, kwa sababu sungura ndiye mjanja wa ngano za upande huu na msikilizaji asingekubali mwingine. Wanafunzi wengi hulinganisha wanyama kwanza, wanajaza kurasa 20, na hawajagusa muundo.

Shimo jingine wanalotumbukia ni "hadithi za Kiarabu". Mtu anachukua Aladini kuwa mwakilishi wa masimulizi ya Kiarabu, analinganisha na ngano ya Mrima. Aladini hayumo katika mswada wa zamani wa Kiarabu aliouanzia kazi Antoine Galland, Mfaransa aliyefasiri Alfu Lela Ulela. Hanna Diyab, Mkristo wa Aleppo, alimsimulia Galland hadithi hiyo jijini Paris mwaka 1709, na ilichapwa kwanza kwa Kifaransa. Tasnifu kama hiyo inaanguka kabla ya sura ya pili, na kujua Kiarabu kusingemwokoa. Kilichohitajika ni kuuliza: hii matini ninayosoma ilitoka wapi, nani kaichapa, kutoka mswada upi?

Nahodha wa Vina

Nyote mnabishana kana kwamba kulinganisha ni kufuatilia nyayo tu. Huo ni mtazamo wa Wafaransa wa zama za Paul Van Tieghem, aliyeandika kitabu chake mwaka 1931: hakuna mawasiliano, hakuna ulinganishi. René Wellek aliushambulia mwaka 1958, na René Étiemble, Mfaransa mwenzao, akaungana naye mwaka 1963. Kazi mbili ambazo hazijawahi kukutana zinaweza kulinganishwa.

Mfano wangu ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na ile balladi ya mshairi Mfaransa François Villon ya mwaka 1461 kuhusu mabibi wa zamani. Zote zinauliza wako wapi waliokuwa wakubwa. Villon anauliza, anaitikia kwa swali la theluji ya mwaka jana, anaacha hapo. Abdalla anakuingiza ndani ya nyumba za Pate: popo wamening'inia, na yale madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za kigeni sasa ni viota vya ndege. Kisha hakuachii swali. Anakupeleka kaburini na motoni, jehanamu moja baada ya nyingine kwa majina yake.

Hapa lugha asilia inahitajika kweli. Daka ni kishubaka kilichojengwa ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, safu juu ya safu, cha kuonyeshea mali. Mfasiri akiandika "rafu", msomaji anaona ubao na misumari. Utajiri na ukuta ni kitu kimoja pale. Ukuta ukianguka na fahari imeanguka.

Na onyo kwa wapenda mizani. Mstari wa Villon una silabi 8, na kipande cha utendi kina mizani 8, basi mtu anashangilia. Kifaransa hakihesabu ile "e" isiyotamkwa mwishoni mwa mstari; Kiswahili kinahesabu kila silabi, hata "m" ya "mtu". Tena Al-Inkishafi yenyewe si mizani 8, ni 10, imekatwa 6 na 4, mishororo 3 ina kina chake na wa 4 unabeba kina kimoja shairi zima. Balladi nayo ina beti 3 za mistari 8 na tamati ya mistari 4. Kinachofanana kikazi ni kile kina cha mwisho na kiitikio: vyote hurudi kugonga mlango uleule.

Mtambaa Kurasa

Vizuri, Nahodha, ila umeruka nyumba ya jirani. Mashairi ya zuhdi ya Kiarabu, yaani ya kuipa dunia kisogo, yamejaa "wako wapi" tangu Abu al-Atahiya wa Baghdad, na Abdalla alikuwa mtu wa elimu hiyo. Ukimweka Villon kabla ya zuhdi utakiita cha Abdalla mwenyewe kitu alichokirithi. Mimi ningemdai mwanafunzi wako sura ya zuhdi kwanza.

Mpiga Chapa

Dogo tu. Mwalimu Nyerere aliipa tafsiri yake ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, jina *Mabepari wa Venisi*. Wa Shakespeare ni mfanyabiashara, mmoja, na jina halimhukumu. Nimeona hoja zikijengwa kwamba Shakespeare aliukosoa ubepari, ushahidi ukiwa ni jina la jalada. Hiyo ni mada safi kabisa ikiitwa kwa jina lake: Nyerere anamsoma Shakespeare katika Tanzania ya Azimio la Arusha.

Mleta mada

Nimesogea, ila si kwa hatua kubwa. Kwa Kidaka nakubali kwamba tafsiri inaweza kuwa ndiyo mada, na hapo iandikwe kwenye anwani ya tasnifu. Kwa mengine yote napendekeza hivi: mwanafunzi achague kifungu cha mistari 30 hadi 40 ambacho hoja yake inasimama juu yake. Akipange kwa safu: matini chanzi, yaani ya lugha asilia, maana ya neno kwa neno, kisha tafsiri 2 za watu tofauti, kila moja na mwaka wake na toleo ililofuata. Pale tafsiri mbili zinapotofautiana ndipo aende kwa mtu wa lugha hiyo na maswali mahususi, asiende na kitabu kizima. Kazi hiyo inataka wiki 6 hivi, haitaki miaka. Na hitimisho lolote kuhusu sauti, kina au mchezo wa maneno nje ya kifungu hicho lifutwe.

Kidaka

Wiki 6 sawa. Lakini safu ya neno kwa neno nani ataihakiki? Mtahini wa nje hupewa tasnifu moja na fomu moja, na kwa kawaida ni mtu wa Kiswahili. Mwanafunzi akikosea Kiarabu chake, wote waliotia saini watakuwa hawakuona. Afadhali anayekiri ukurasa wa kwanza kwamba kasoma kwa Kiingereza. Huyo angalau najua pa kumbana. Weka kwanza msimamizi mwenza kutoka idara ya lugha hiyo, mwenye kulipwa, ndipo tuzungumzie safu.