Ankara zetu zinaishia kwenye barua taka za Gmail ilhali SPF ipo

Karani_Mauzo
Wakuu, salaam. Ofisi yetu inatuma ankara na makadirio ya bei kutoka info@ ya kikoa chetu, kupitia seva ileile iliyobeba tovuti. Jarida la kila mwezi linakwenda kwa watu kama 6,000 kupitia huduma ya nje. Wateja wa Gmail wanazikuta barua zetu kwenye taka, na nyingine zinarudi na kosa 550-5.7.26. Kwenye DNS (daftari la rekodi za kikoa) tuna hizi za SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu:

`v=spf1 a mx ~all`
`v=spf1 include:spf.huduma.example ~all`

DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) sijaigusa, DMARC (sera ya nini kifanyike kwa barua zisizothibitika) hatuna. Nianzie wapi? Au tuhame seva tu?

seva_na_waya
Usihame. Rekodi mbovu utahama nazo.

Kosa la 5.7.26 maana yake Gmail imeshindwa kumthibitisha mtumaji, na sababu umeibandika mwenyewe hapo juu: SPF mbili. Kikoa kinaruhusiwa moja tu. Seva inayopokea ikikuta mbili haichagui iliyo nzuri, inatoa `permerror` (kosa la rekodi yenyewe), na hapo ni kama huna SPF kabisa. Ziunganishe:

`v=spf1 a mx include:spf.huduma.example ~all`

Angalia na idadi ya maulizo ya DNS. Kila `a`, `mx` na `include` ni ulizo, na `include` zilizomo ndani ya `include` nazo zinahesabiwa. Yakipita 10, `permerror` inarudi. `ip4` haihesabiwi, hivyo kama IP ya seva haibadilikibadiliki, iandike hiyo badala ya `a`. `~all` iache ilivyo. Ukiweka `-all`, kuna seva zitakazoikataa barua ambayo mteja ameielekeza kwenye anwani yake nyingine, kabla hata hazijatazama DKIM.

Sasa DKIM. Una vyanzo viwili, kwa hiyo ufunguo uwe wa kila chanzo na selekta yake (jina la kuutambulisha ufunguo): mmoja utautengeneza kwenye paneli ya seva, mwingine utapewa na huduma ya jarida. Chukua biti 2048. Hapa watu wengi hukwama: ufunguo huo unazidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha TXT (rekodi ya maandishi ya DNS), kwa hiyo lazima ugawanywe vipande viwili vyenye alama za nukuu ndani ya rekodi moja. Paneli nyingine hugawa zenyewe, nyingine hukata mkia kimyakimya na sahihi inagoma. Ukishahifadhi, iulize DNS kwa `dig TXT selekta._domainkey.kikoa-chako` uhakikishe ufunguo umefika mzima.

Halafu jitumie barua kwenye Gmail, fungua chanzo cha ujumbe, usome mstari wa `Authentication-Results`. Huo ndio ukweli, si alama ya kijani ya kwenye paneli.

tuma_pole
Kagua na maandishi, ndugu. Maneno kama BURE, OFA, HARAKA kwenye kichwa cha barua yanakuponza. Yaondoe yote.

Lango25
@tuma_pole hilo lilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi sifa ya kikoa na ya IP ina uzito kuliko neno moja. Kwenye maandishi mimi ningeogopa viungo vilivyofupishwa, kwa sababu kikoa cha kifupisho unachangia na matapeli, na barua ambayo yote ni picha moja kubwa. Jarida likizidi KB 102, Gmail hulikata, na kiungo cha kujiondoa kilicho chini hakionekani. Asiyekiona anabonyeza "taka".

@Karani_Mauzo ongeza DMARC kwenye jina `_dmarc`:

`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoa-chako`

Kaa na `p=none` (barua isizuiwe, ripoti tu) wiki kadhaa usome ripoti. Utashangaa nani mwingine anatuma kwa jina lenu: mfumo wa ankara, fomu ya tovuti, printa ya ofisini. Vikishasainiwa vyote, panda `quarantine` (zisizopita ziende taka), kisha `reject` (zikataliwe kabisa). Wanaoanza na `reject` siku ya kwanza huzika ankara zao wenyewe.

Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC. Hesabu ni ya kikoa kikuu pamoja na vidogo vyake, na ukishaingizwa kundi hilo hutoki. Kwa 6,000 uko karibu, kwa hiyo fanya kana kwamba umeshaingia. Jarida libebe pia vichwa hivi viwili vya kiufundi, vya kumwezesha msomaji kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na DKIM ivisaini:

`List-Unsubscribe: <https://...>`
`List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click`

Aliyeomba kutoka atolewe ndani ya siku mbili. Ankara hazihusiki na sharti hili.

Malalamiko utayaona kwenye Postmaster Tools ya Google. Yabaki chini ya 0.1%, yasifike 0.3% kamwe. Kwa barua 6,000 zilizoingia kikashani, hiyo 0.3% ni watu 18 tu! Ndiyo maana orodha ya kununua haifai hata kwa majaribio. Ondoa anwani zilizokufa na wasiofungua barua muda mrefu.

Jarida lihamishie kikoa kidogo, mfano `jarida.`, ili likichafuka lisiziburute sana ankara. Anza na wanaofungua mara kwa mara, kisha ongeza idadi polepole.

Karani_Mauzo
Asanteni sana. SPF nimeziunganisha na DKIM ya seva imekubali, ankara ya majaribio imeingia kikashani. Jarida linasema `spf=pass`, `dkim=pass`, lakini `dmarc=fail`. Inawezekanaje?

seva_na_waya
Zimepita kwa jina la mtu mwingine. SPF hupimwa kwa kikoa cha `Return-Path` (anwani ya kurudishia barua zilizokwama), na huduma imeweka chake. DKIM nayo, tazama `d=` kwenye sahihi, utakuta kikoa cha huduma. DMARC inataka angalau kimojawapo kipite na kilingane na kikoa kilicho kwenye `From`. Ingia kwenye mipangilio ya huduma, sehemu ya kuthibitisha kikoa, uchukue rekodi za CNAME (za kuelekeza jina moja kwenye jingine) wanazokupa uziweke kwenye DNS. Baada ya hapo `d=` itasoma kikoa chenu. Na kama `Return-Path` itabaki yao, ile `include` haina kazi, ifute upunguze maulizo.

Lango25
Na kwa seva ya ankara, kagua PTR, rekodi inayotoa jina la IP. Jina linalorudishwa na IP lielekee kwenye IP hiyohiyo. Hilo haliwekwi kwenye DNS yako, anaweka mwenye IP, kwa hiyo mwandikie anayekukodishia seva.