Mgombea wa chama cha tatu amegonga mlango: niweke sahihi?

Kutoka: Dada wa Riverton, Portland
Jumamosi, 2 Machi 2024

Ndugu zangu wa Maine, hamjambo. Leo mchana mama mmoja amegonga hodi kwetu akiwa na fomu mkononi. Anagombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo, kule Augusta, makao makuu ya jimbo letu, lakini si Democrat wala Republican. Ni wa chama kidogo. Ameomba vitu viwili: sahihi ya kumwezesha kuingia kwenye karatasi ya kura, na dola 5.

Mimi na mume wangu tuna kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, uraia bado. Binti yetu mkubwa ameshaapa kiapo cha uraia na ameandikishwa kupiga kura. Mama mkwe kesi yake ya hifadhi haijaisha. Yule mgombea alikaa, akanywa chai, akauliza habari za kodi ya nyumba na basi linalochelewa. Miaka yote tuliyoishi hapa hajaingia mgombea mwingine ndani kwetu, na nilitamani sana kumsaidia. Nimemwomba arudi Jumanne. Nani kati yetu aweke sahihi, na nani atoe pesa? Halafu, kura ya chama kidogo si ya kutupa? Jirani yangu anasema Maine unapanga wagombea 1, 2, 3, kwa hiyo hakuna kura inayopotea.

*

Kutoka: Mzee wa Westbrook
Jumapili, 3 Machi 2024

> Nani kati yetu aweke sahihi, na nani atoe pesa?

Binti yako peke yake, dada. Wewe, baba watoto na mama mkwe msiguse ile fomu hata kwa heshima ya mgeni. Sahihi inayotakiwa ni ya mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo lile la uchaguzi. Asiye raia akisaini, karani wa mji ataikata tu, lakini jina lako litakuwa limeshabaki kwenye karatasi ya wapiga kura, na hapo pabaya ni mbele ya safari. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kwa asiye raia, kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni kosa la jinai, na watu wamefukuzwa nchini kwa hilo, wengine wakiwa wamejaza fomu bila kuelewa. Ofisi ya leseni za udereva nayo huandikisha wapiga kura, kwa hiyo hata pale ukiulizwa kama u raia, jibu hapana na uhakikishe wameandika hapana. Nasisitiza kwa sababu nimewaona vijana wetu wakisaini kila wanachopewa ili foleni isogee.

Zile dola 5 si hongo wala si za mfukoni mwake. Tangu sheria iliyopitishwa na wananchi mwaka 1996, mgombea anaweza kuendesha kampeni kwa fedha za umma. Anayetaka kiti cha Baraza la Wawakilishi akusanye michango isiyopungua 60 ya dola 5, wa Seneti 175, yote kutoka kwa wapiga kura walioandikishwa katika eneo lake. Pesa inaingia kwenye mfuko wa jimbo, na mchangiaji anatia sahihi kwamba ni pesa yake mwenyewe. Kwa hiyo usimpe binti dola 5 zako akatoe kwa jina lake. Atoe zake.

Michango ya kawaida ya kampeni ni habari nyingine: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya taifa. Mama mkwe haruhusiwi kumchangia mgombea yeyote, wa mji, wa jimbo wala wa taifa, mpaka apate ukaazi wa kudumu.

*

Kutoka: Kaka wa Lewiston
Jumapili, 3 Machi 2024

Shikamoo Mzee. Kuhusu namba, jirani yuko sahihi. Mwaka 2018 huku kwetu Bruce Poliquin wa Republican aliongoza raundi ya kwanza, kisha kura za wagombea wadogo zikahamishiwa chaguo la pili na Jared Golden wa Democrats akashinda. Dada, mweke mama yako wa chai namba 1 bila hofu.

*

Kutoka: Mzee wa Westbrook
Jumapili, 3 Machi 2024

Marahaba mwanangu. Hilo la Golden ni kweli, lakini kile kilikuwa kiti cha bunge la taifa, Washington, si cha Augusta.

Wananchi wa Maine walipitisha kura za kupanga kwa namba mwaka 2016. Mwaka uliofuata majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wakatoa maoni kwamba katiba ya Maine inasema gavana na wabunge wa jimbo huchaguliwa kwa kura nyingi kuliko wenzao, hata zisipofika nusu, basi. Kwa hiyo Juni, kwenye mchujo wa vyama, utapanga namba. Novemba utapanga namba kwa Rais na wabunge wa Washington, na hapa Portland hata kwa madiwani. Ila kwa kiti cha Augusta utatia alama moja tu. Karatasi za siku moja, hesabu mbili tofauti.

Hiyo alama moja ina uzito. Mwaka 2010 Paul LePage wa Republican alipata ugavana kwa asilimia 38 hivi, kwa kuwa waliomkataa waligawanyika kati ya mgombea huru Eliot Cutler na Libby Mitchell wa Democrats. Msukumo wa kupanga namba ulipata nguvu kubwa kutokana na kidonda kile.

Hata hivyo sisemi vyama vidogo ni vya kutupa. John Eder wa chama cha Kijani alichaguliwa hapa hapa Portland mwaka 2002, akarudi tena 2004, akaangushwa 2006. (Kijani hicho hakihusiani na kadi ya kijani. Kuna mtu aliniuliza msikitini, na ni swali la haki.) Mahali ambapo chama kimoja kinashinda kila mara, huyo wa tatu ndiye mpinzani wa kweli, na kumpa kura hakumpitishi unayemwogopa. Lewiston, ambako vyama viwili vikubwa hukaribiana, ningepima mara mbili. Akirudi Jumanne muulizeni nani wengine watakuwa kwenye karatasi.

Muulizeni pia mambo yaliyo ndani ya uwezo wa Augusta: msaada wa kodi ya nyumba na chakula unaotolewa kupitia miji, MaineCare (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo) ya watoto wetu, fedha za shule. Akiahidi vibali vya kazi vya haraka kwa waombaji hifadhi, hilo linaamuliwa Washington, na mbunge wa jimbo hana kalamu ya kulisaini.

*

Kutoka: Dada wa Riverton, Portland
Jumanne, 5 Machi 2024

Asanteni sana. Mzee, Mungu akuweke. Amerudi. Binti amesaini na kutoa dola 5 zake baada ya kumhoji nusu saa nzima kuhusu shule, mimi nikiwa jikoni nasikiliza kwa fahari. Kura ya Novemba amesema ataamua akishawajua wote. Mama mkwe alikuwa tayari ameshika kalamu, nikamwahi.

Sasa mgombea ameniomba nimtafsirie kipeperushi chake kwa Kiswahili, bila malipo. Hilo nalo lina shida?

*

Kutoka: Mzee wa Westbrook
Jumanne, 5 Machi 2024

Halina. Kujitolea kunaruhusiwa hata kwa mama mkwe. Nitumie nikipitie kabla hakijachapwa, hasa pale atakapoeleza nani anaruhusiwa kupiga kura.