Doctor Who: nianze na kitabu gani?

Swali
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nilianza kutazama Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Daktari, kwa ajili ya Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda aliyewahi kumwigiza Daktari huyo, na sasa nimenogewa. Tamthilia hii ilianza kurushwa na BBC mwaka 1963, na vitabu vyake ni mamia. Je, ni lazima nivifuate kwa mpangilio wa miaka? Na je, vina jambo ambalo sitalipata kwenye televisheni?

Jibu la 1
Karibu, mleta mada. Mpangilio wa miaka usikusumbue. Mimi niliujaribu nikaishia njiani. Anza na vitabu vyembamba vya chapa ya Target, vilivyoanza kutolewa mwaka 1973, ambavyo vinasimulia upya visa vilivyokwisha kuoneshwa. Zaidi ya 60 viliandikwa na Terrance Dicks, ambaye aliwahi kuwa mhariri wa miswada ya tamthilia yenyewe, na kwa kuwa lugha yake haina mbwembwe, kitabu ulichokianza baada ya chakula cha jioni unaweza kukifunga kabla ya kulala. Chombo cha Daktari hutua kwa mlio uleule wa kuhema na kugumia, kitabu baada ya kitabu. Wapo wanaomcheka kwa hilo, mimi huusubiri.

Kuhusu swali lako la pili, BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, na zaidi ya vipindi 90 havina picha hadi leo. Kisa cha Marco Polo cha mwaka 1964 kilikuwa na vipindi 7, na hakuna hata kimoja kilichosalia isipokuwa sauti. Hapo kitabu cha John Lucarotti, ambaye ndiye aliyetunga kisa chenyewe, ndicho kitakachokupa safari nzima.

Jibu la 2
Naongezea kile cha David Whitaker cha mwaka 1964, kilichotangulia vyote. Msimulizi ni mwalimu Ian, na hakutani na Daktari kwenye uwanja wa vyuma chakavu kama tulivyoona kwenye televisheni, bali usiku wa ukungu huko Barnes Common, London, baada ya ajali ya barabarani.

Jibu la 3
Kwa heshima zote, wakuu, mnamrudisha mgeni mbali mno. Atazame kipindi cha Rose cha mwaka 2005, kisha asome riwaya yake iliyotolewa mwaka 2018, iliyoandikwa na Russell T Davies mwenyewe, mtunzi wa kipindi hicho. Baadaye aende kwa riwaya ya Human Nature ya Paul Cornell. Ilitoka mwaka 1995, wakati tamthilia ilikuwa imesimamishwa tangu 1989 na riwaya ndizo zilizokuwa zikiiendeleza, ikamhusu Daktari wa saba, maana Daktari hubadilika sura na kuigizwa na mwigizaji mwingine. Mwaka 2007 Cornell akaigeuza kuwa vipindi viwili vya David Tennant, Daktari wa kumi. Atazame kwanza, ndipo asome.

Mleta mada
Nashukuruni sana. Nitaanza na Marco Polo, kwa kuwa siwezi kuitazama hata nikitaka. Human Nature itasubiri hadi nivifikie vipindi hivyo vya Tennant.